Mchezaji Anapokuwa pia Mtahiniwa

Kila muhula wa pili unapokaribia, mabishano yaleyale huzuka katika shule za sekondari za Mombasa: mwanafunzi wa kidato cha nne aondolewe kikosini ili akili yake itulie kabla ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari? Wazazi wanaotaka aondolewe wana hoja nzito. Kandanda, voliboli na netiboli huchezwa muhula huo, na timu inayoshinda hupanda kutoka kaunti hadi Pwani, kisha taifa, pengine hata Afrika Mashariki, hivyo kadiri kijana anavyocheza vizuri ndivyo anavyozidi kukosa vipindi. Anaporejea darasani wenzake wamemwacha mbali, na mtihani u mlangoni.

Makocha hujibu kwamba kijana wa Kisauni au Likoni akiondolewa uwanjani, wasiwasi wake haupungui. Hukosa tu pa kuutua. Mazoezi ya jioni humpa usingizi, marafiki, na mtu mzima anayemuuliza alikuwa wapi jana. Hapa nawaunga mkono makocha, kwani sijaona kijana aliyenyang'anywa mpira akaukimbilia upesi mfuko wa vitabu.

Hata hivyo, pande zote mbili hubishana juu ya saa, ilhali mzigo mzito zaidi ni karo. Wapo wanaosoma kwa karo iliyopunguzwa kwa sababu ya kipaji chao, na bila mpango huo baadhi yao wasingekuwa shuleni kabisa. Lakini kwa mwanafunzi kama huyo, goti likiteguka, nafasi yake darasani nayo huyumba. Ndiyo maana hufunga bendeji chini ya soksi na kunyamaza. Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, alipojitoa katika fainali ya timu kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 ili kulinda afya ya akili yake, alikuwa tayari bingwa wa Olimpiki, na bado alishutumiwa. Kijana wa miaka 17 ambaye mguu wake ndio karo yake atathubutuje kusema amechoka?

Kwa maoni yangu, nafuu ya karo ingepaswa kudumu hadi kidato cha nne kiishe, mwanafunzi acheze au aumie. Tena, anayesikiliza siri za mchezaji asiwe yuleyule anayepanga kikosi cha Jumamosi, kwa sababu hakuna mchezaji atakayemweleza mtu huyo kwamba halali usiku.