Namba Nyekundu kwenye Mchikichi

Nilipohamia Ujiji sikuwa na mtu ninayemjua, nikaanza kujuana na minana, wale ndege wanaofuma viota. Jirani yangu, bibi mmoja, ana michikichi sita uani, na kukipambazuka kelele za ndege hao ni kama mnadani. Nikaazima darubini, nikanunua daftari, nikawa nahesabu viota.

Kazi tamu ile. Dume anachana uzi wa kuti bichi, anaukanyaga kwa mguu mmoja, anaupitisha huku, anauvuta kule, mpaka kinatokea kibuyu kilichofumwa, mlango chini. Kisha ananing'inia hapo mlangoni akipigapiga mabawa kumwita jike aje kukagua. Jike akigoma, na kiota kikikauka, dume anakibomoa mwenyewe, anaanza upya. (Wanaume wenzangu, mpo?)

Shida ni kwamba viota vinafanana. Siku ya tatu nilishapotea. Ndipo nikapata akili: nikachukua rangi iliyobaki nilipopaka geti, nikaandika namba kwenye mashina, 1 mpaka 6; viota vya kila mti nikavipa herufi daftarini. Rangi yenyewe nyekundu.

Nchi hii, namba nyekundu!

Kufika saa saba mtaa mzima unajua reli mpya inapita kwa bibi. Kufika jioni inapita kwa kila mtu. Kuna jirani alipanda migomba kumi na miwili kwa mkupuo ili alipwe fidia, pale pale alipokuwa akianikia dagaa. Kijana mmoja akanivuta pembeni, akanipa soda ya baridi: "Mkuu, kwangu mbona umeparuka?"

Kesho yake nikaitwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Watu wamejaa hadi barazani.

"Wewe ni wa reli?"

"Hapana, mwenyekiti. Mimi nashughulika na ndege tu."

Nyuma mtu akapiga kelele: "Si reli jamani, ni uwanja wa ndege! Wanaupanua mpaka huku!"

Nikatoa daftari liniokoe. Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Namba 4, B: imebomolewa leo asubuhi. Namba 2, A: mama amekagua, amekataa kuhamia. Namba 6, D: watoto bado wamo ndani."

Mama mmoja akaanza kulia.

Ilibidi twende wote uani, mwenyekiti mbele. Nikampa darubini. Akatazama muda mrefu, mdomo wazi, mnana mmoja akamdondoshea mavi begani, akanirudishia. "Ndege wa mayai," akawatangazia watu, kwa masikitiko kabisa. Wakatawanyika. Yule kijana alirudi kudai hela ya soda.

Nikaamriwa kufuta namba zote kwa mafuta ya taa. Nikasugua mashina matano. Kwenye la sita nikamkuta bibi ameweka kigoda, ameliegemea, anachambua mboga.

"Huu uache, mjukuu wangu."

"Bibi, si umesikia ni minana?"

"Nimesikia. Lakini wewe uache tu."