Pale "Mbara" Anapogeuka "Nyinyi Wabara"

Mama yangu ni Mrabai, na ukimuuliza kabila lake atakutajia kwa furaha, pamoja na kaya, kijiji cha kale cha wazee, aliyotoka babu yake. Lakini nikiwa na miaka kama minane, kwenye arusi ya majirani Mombasa, mkono ulimteleza akamwaga samli jikoni. Bibi mmoja aliyesimamia sufuria za pilau akasema, wala hakupaza sauti: "Mnyika hafundishiki." Mama akachukua kitambaa, akapangusa sakafu, akarudi kuchagua mchele. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakunena neno.

Nyika ni pori kavu. Jina hilo watu wa mjini waliwapa wenzao waliokaa nyuma ya pwani, na mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alipofungua misheni Rabai miaka ya 1840 naye akalitumia hilo hilo. Ilibidi kufika miaka ya 1940 ndipo Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai na ndugu zao wakashikamana na jina walilojichagulia wenyewe: Mijikenda, makaya tisa. Bibi yule alilijua jina hilo. Siku hiyo alilitaka lile la zamani, kwa sababu samli iliyomwagika ingekuwa ajali ya mtu mmoja tu, naye alitaka iwe aibu ya watu wote wa kwao.

Nikiishia hapo nitakuwa nimesimulia ile nusu inayonipendeza. Kwetu pia tulikuwa na neno letu, la kuwaita watu waliotoka bara. Taka zikitupwa uani, "wabara hao." Kodi ya nyumba ikipanda, "wabara wameleta pesa zao." Mama mwenyewe alisema hivyo, nami nikasema, na hakuna aliyetukemea, maana sote uani pale tuliona ni maneno ya kupitisha wakati.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, kilivamiwa, bunduki zikachukuliwa, na mashambulizi yakaanza dhidi ya Wajaluo, Waluhya, Wakamba na Wakikuyu waliokuwa wakiishi kusini mwa kivuko. Uchaguzi ulikuwa Desemba, na iliaminika kwamba kura zao zingeenda upinzani. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika majuma yaliyofuata, na maelfu kwa maelfu wakakimbia. Wengi walijihifadhi katika kanisa Katoliki la Likoni. Vikaratasi vilisambazwa vikiwataka wabara waondoke. Neno lilikuwa lile lile letu la uani. Waliolichukua hawakuhitaji kutufundisha lugha mpya.

Ndiyo sababu niliisoma kwa makini orodha iliyotolewa Aprili 2022 na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya Kenya, ya maneno yasiyofaa kwenye siasa. Wengi waliikejeli, wakauliza Kiswahili kimekosa nini. Mimi niliona jambo moja: mlikuwemo "wabara waende kwao", sentensi nzima. Jina peke yake halikuguswa. Nadhani aliyeiandika hivyo alielewa kitu. Mbara ni mtu aliyetoka bara, basi. Mpe kitenzi cha kumfukuza, na jina limebadilika kazi.

Humo mlikuwa pia na "madoadoa" na "kwekwe". Kila mtoto wa shule anajua kwamba mtu yumo katika ngeli ya A-WA: ameketi, wameketi. Doa limo katika LI-YA. Doa hufuliwa, kwekwe hung'olewa. Mtu akishaitwa hivyo ametolewa katika ngeli ya watu, na mikono ya wengine inajua la kufanya na doa. Hata hivyo kwangu mimi hatari huanza mapema zaidi, katika neno dogo ambalo hakuna tume itakayolipiga marufuku: "nyinyi". "Wewe umetupa taka" ni ugomvi wa majirani. "Nyinyi Wakamba mnatupa taka" ni ugomvi usioweza kumalizika, kwa kuwa huyo mmoja hana uwezo wa kuomba msamaha kwa niaba ya Machakos nzima.

Wapo watakaoniambia kwamba nikikataza hayo ninafunika dhuluma. Hoja hiyo ninaiheshimu, kwani ardhi ya Pwani ni jeraha la kweli. Kuna familia za Kwale na Lamu zilizoishi mahali vizazi na vizazi bila hati, zikaja kuona hati za ardhi hiyo hiyo mikononi mwa watu wasiowajua. Habari hiyo huwezi kuisimulia bila kutaja makabila, na itajwe, kwa sauti. Lakini anayeisimulia kwa haki atataja pia ofisi iliyopiga muhuri, mwaka, na mwenye hati. Anayesema "wabara wametunyang'anya" amemwacha mwenye hati alale salama, akamwelekezea kidole mtu wa karibu.

Mtu wa karibu, kwetu, alikuwa jirani aliyeuza mitumba. Agosti ile aliondoka na watoto wake na mifuko miwili, na Mama akamsaidia kubeba godoro hadi kanisani. Likoni hakuwa na hata shubiri moja ya ardhi. Alipanga chumba kimoja, na kodi yake kila mwezi alimlipa Mdigo.