Dokta kapewa maiki

Yani nimeamka leo, uso sijanawa, nashika simu nakuta Dokta katupia voisi noti ndefu kwenye grupu la kijiwe, anauliza kwa uchungu kabisa, sauti inatetemeka, hivi sisi Watanzania tutakuwa waoga mpaka lini? Dokta! Dokta huyu huyu wa Jumamosi! Bando langu la mwisho mwisho limeishia kumsikiliza mtu mzima anavuta pumzi halafu anasema "wananchi hatuna ujasiri wa kuhoji". Chai imenishinda. Acha nisemee hapa hapa, maana nikimjibu kule atalefti, halafu jioni tuanze kumbembeleza arudi kama bi harusi aliyesusa.

Kwa wasiomjua, Dokta sio daktari, anauza spea za pikipiki hapa Magomeni. Udokta kapewa kijiweni kwa sababu yeye kazi yake ni kuipima nchi. Ikifika Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wametangaza bei za mafuta, huyo Dokta keshatandaza, anakwambia hii petroli ingekuwa bei gani kama angeachiwa yeye. Tozo za miamala za 2021 mpaka leo hajazisamehe, anazitaja kama anamtaja marehemu. Bwawa la Nyerere ana takwimu zake, megawati 2115 anazitamka moja moja, halafu umeme ukikatika anageuka anakuangalia wewe utadhani ndo umezima. Na vidole anavinyoosha huyu mtu! Kashata mkononi, kahawa inamwagika, wapita njia wanasimama. Ukimsikiliza unasema kesho asubuhi kuna mtu anaachia ofisi.

Sasa mpwa wake yuko kwenye kikundi cha maigizo, Jumamosi wakawa na onyesho ukumbi mmoja huko Mikocheni, tiketi msimbazi mmoja, yani elfu kumi, kwa kichwa. Msimbazi! Mie kwa hela hiyo napika siku mbili na nyanya naweka. Lakini Dokta akatushikia bango, oo sanaa ndo sauti ya umma, oo nyie mnaishia kwenye mpira tu. Balozi akasema yeye kama ni maigizo basi apelekwe Bagamoyo, pale kwenye chuo cha sanaa, tangu 1981 kinatoa wasanii, na akaanza kutusimulia jinsi ukumbi wao ulivyoungua 2002 kama vile alikuwa ameshika ndoo ya maji. (Balozi naye hajafika ubalozi wowote, mbali kabisa amefika Tunduma. Cheo chake kinatokana na mambo ya nje. Mlango wa Hormuz, ule mkondo wa bahari kule Ghuba zinakopita meli za mafuta, anauelezea kuliko njia ya kwenda kwao.) Kocha yeye aliuliza swali moja tu, kama huko ukumbini kutakuwa na skrini maana Yanga wanacheza. Akasema mara ya mwisho kwenda kuangalia kitu na kulipia ilikuwa Drive-in ya Msasani enzi hizo, na pale sasa hivi ni ubalozi wa Marekani, kwa hiyo yeye akitaka kurudi sinema yake ya utotoni anahitaji viza.

Tukaenda. Bajaji moja watu wanne, mie nikakaa mbele na dereva tako moja nje. Getini dada akaninyang'anya maji yangu, maji ya nje hayaingii, ndani nikauziwa maji yale yale, kampuni ile ile, buku. Sijasema kitu. Mtu mzima nimevaa shati la kuchomekea nitagombania maji?

Basi igizo likaanza, na niwe mkweli, watoto wanajua. Kijiji kimechangishwa hela za pampu ya maji, hela zimeliwa, mwenyekiti kajenga. Yule mwenyekiti alikuwa na kitambi cha mto kabisa, unaona ncha ya foronya imetokeza chini ya shati, lakini kwa jinsi alivyokuwa anajifuta jasho na leso na kusema "hilo tumelichukua tunalifanyia kazi", watu tukasahau mto. Dokta hapo anatikisa kichwa, ananipiga kiwiko, "unaona? unaona? ndo yale yale!" Kocha anauliza zimebaki dakika ngapi. Balozi kalala.

Ghafla wakasimama wote jukwaani kimya, akatokea binti kajifunga kanga, anashuka ngazi na maiki. Kumbe ni yale maigizo shirikishi, kwamba na sisi tulioketi ndo wanakijiji, tunaulizwa tufanyeje. Binti anapita kwenye viti, watu wanajifanya wanafunga kamba za viatu. Mie nilikuwa nimevaa makubazi nikafunga hivyo hivyo. Akafika kwetu. Akamwona Dokta, suti, miwani, sura ya mwenye jambo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, wewe ni mzee wetu hapa kijijini, umechanga, maji hakuna, mwenyekiti yule pale. Mwambie."

Jamani. Moyo wangu ulipiga kwa furaha, wallahi. Nikasema leo ndo leo, mwenyekiti yule mto utamtoka. Nikamwamsha Balozi, "amka, Dokta kapewa maiki". Hata Kocha akazima simu. Miaka yote hii ya kahawa, ile nondo yote, sasa imepata kipaza sauti.

Dokta akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Akakohoa, na kikohozi kikatoka spika zote nne. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, halafu nikaona macho yake yametua mstari wa mbele. Pale kulikuwa na mzee mmoja kakaa peke yake, suti ya Kaunda, faili mapajani, na tangu tumeingia hajacheka hata mara moja. Ule usafi wa viatu tu ulikuwa unatisha.

Dokta akameza mate. Akasema: "Ahsante sana. Kwanza kabisa napenda kuchukua nafasi hii kuupongeza uongozi wa kijiji, ukiongozwa na mheshimiwa mwenyekiti, kwa jitihada kubwa ambazo zinaonekana kwa macho."

Zinaonekana wapi?! Pampu haipo!

Binti akabaki kashika maiki yake hajui afanyeje, maana nadhani kwenye mazoezi hawakuwahi kukutana na mtu wa hivi. Akamsaidia, "lakini baba, maji?" Dokta akasema changamoto hazikosekani. Akasema tuwe na subira. Akasema na sisi wananchi tujitathmini. Akamalizia anaomba barabara. Barabara! Kwenye igizo! Mwenyekiti wa mto kule jukwaani kafurahi mpaka katoka kwenye uhusika, kapiga makofi. Mpwa wa Dokta, ambaye alikuwa mwanakijiji mwenye ndoo, alijifunika uso na ile ndoo.

Subirini, haijaisha. Sehemu ya pili inaanza, yule mzee wa suti ya Kaunda akanyanyuka na faili lake, sisi tukajua anakwenda kusimamisha onyesho, akapanda zake jukwaani akasema, "Mimi ni mkuu wa wilaya, nimekuja kuhusu pampu." MUIGIZAJI! Jamaa alikaa pale muda wote ndani ya uhusika, halafu Dokta kauza kijiji kizima kwa kumwogopa mtu ambaye baadaye tulimkuta nje anakula mihogo na anadai nauli yake kwa kiongozi wa kikundi.

Na sasa sikilizeni ninachosema bila utani, mie kilichoniuma sio Dokta kuogopa. Kuogopa kila mtu anaogopa, mie ningepewa ile maiki ningesema betri imekufa. Kilichoniuma ni ile voisi noti ya leo. Wewe si ulipewa nafasi, mezani, na maiki ya kukodi, mbele ya mwenyekiti wa foronya? Halafu unatuamsha saa kumi na mbili asubuhi kutuuliza ujasiri wetu uko wapi, na bando langu unalila? Kha!

Kurudi nako dereva wa bajaji anataka buku mbili zaidi ya tulivyopatana, mafuta yamepanda. Balozi anamwambia Jumatano wametangaza yameshuka. Anasema yakishuka yanashukia kwenye redio. Tukalipa.

Lakini huyo Balozi asinichekeshe na yeye. Jana jioni muuza kahawa wetu, yule kijana asiyeongeaga, kapandisha kikombe kutoka mia mbili mpaka mia tatu. Balozi kaja juu, kwa sababu gani? Kijana anamimina zake taratibu, "Hormuz, mzee wangu." Balozi anamwambia kahawa inatoka Kagera, Hormuz inahusikaje? Kijana akamjibu lori la kutoka Kagera linatembelea dizeli, dizeli inapita kwenye ule mlango ambao moja ya tano ya mafuta ya dunia inapita hapo, mlango wenyewe mwembamba, sasa hapo hata kashata itaguswa. Neno kwa neno. Kumbe anasikilizaga! Sisi tunajua anapuliza makaa, mwenzetu yuko darasani. Balozi kabaki kaduwaa na kikombe, akatafuta sarafu mfukoni hana, akanigeukia mie.

Na ile mia tatu yangu mpaka sasa hivi hajarudisha.