Umesajiliwa, Lakini Umelipa?

Tangu Oktoba 1, 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya umma, iliporithi mikoba ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima hiyo nchini Kenya, wagonjwa wamelaumiwa sana: hawaulizi, hungoja waugue ndipo wakumbuke bima. Lawama hiyo ina ukweli wake. Enzi za NHIF, wengi wa jua kali walilipa zile shilingi 500 za mwezi ugonjwa ulipobisha hodi, wakapona, wakaacha. Mfuko wa bima haujazwi na wagonjwa peke yao. Ndiyo maana asiye na mshahara aliambiwa alipe mwaka mzima kwa mkupuo.

Sasa tazama neno walilopewa wananchi: "Jisajili." Bonyeza *147#, jisajili. Chifu alilisema barazani, redio zikalirudia, na mamilioni ya waliosajiliwa wakatangazwa kama mavuno. Katika dirisha la malipo la hospitali moja nilimwona mama, mtoto mgongoni, akinyoosha simu yenye ujumbe wa usajili kama mtu anayeonyesha risiti. "Mama, hii haijalipiwa," karani akamwambia. Akausoma ujumbe upya.

Hakudanganywa. Kwenye zahanati na kituo cha afya, viwango vya 2 na 3, usajili ungemtosha, kwani gharama hubebwa na mfuko wa afya ya msingi. Kulazwa, kama kwenye hospitali ya kiwango cha 4, ndiko kunakodai mchango uliolipwa. Hilo ndilo hakuambiwa mapema, akaja kuambiwa mtoto akiwa na homa.

Kati ya kusajiliwa na kulipa kuna maswali ya tathmini: paa la nyumba, choo, mifugo. Wengine huyajibu kama ya sensa, kumbe ndiyo yanayokadiria mchango wa asiye na mshahara, ambao haushuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka.

Hata habari njema ilipotea njiani. Wa mshahara wa 20,000 kwa mwezi alikuwa akikatwa 750 na NHIF. Kwa asilimia 2.75 ya mshahara inayotozwa na SHA, anakatwa 550. Wa 100,000 alipanda kutoka 1,700 hadi 2,750, na kelele zake (halali kabisa) ndizo zilizojaa magazetini.

Wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 tayari hupita nyumba kwa nyumba na mashine za presha. Wakishafungua ule mkanda mkononi, wangeweza kukaa dakika tano zaidi: "Shosho, umesajiliwa, ila bado hujalipa. Zahanati nenda tu. Ukilazwa, hapo ndipo utaulizwa."