Diski yangu yenye spidi ya ajabu

Hii nimekaa nayo mwaka mzima kwa aibu, leo naitema. Nilikuwa na seva ya Linux, RAM giga 64 lakini diski zake zile za kizamani za kuzunguka, zikijitahidi sana mega 100 kwa sekunde. Humo kuna kontena za LXC (kama viseva vidogo vilivyotengwa ndani ya seva moja), kila moja na volyumu yake ya LVM (kipande cha diski kilichopewa jina lake), mojawapo ya mama mwenye duka la jumla.

Usiku mmoja namrudishia bekapu kutoka SSD ya nje. Nikapiga lvs, amri ya kuorodhesha volyumu, ya duka hiyo hapo. Nikashusha dd, amri ya kunakili data ghafi, kwenda /dev/vg0/duka, anwani ya volyumu hiyo, giga 20, sijamaliza hata chapati tayari! Mega 400 kwa sekunde!! Badala ya kushtuka nikapiga skrinishoti nikawarushia washkaji, "mnaona kazi za wakubwa". Mount, ile ya kuifungua faili zake zisomeke, ikakubali, kontena ikawaka, kesho yake mama anapiga simu, "mwanangu leo kompyuta imekuwa nyepesi, Mungu akubariki." Nikaitikia amina, tena kwa sauti.

Siku ya nne nikasasisha kerneli (kiini cha Linux) nikaiwasha seva upya. /dev/vg0/duka ipo, ila ndani ni data ya zamani, bekapu na mauzo hayamo.

Ndo nikarudi kwenye skrinishoti ileile ya kuringia. Juu kabisa kuna ls -l, orodha ya vilivyomo /dev/vg0, wenzake wote mstari unaanza na l (yaani kiungo) na mshale wa kwenda kwenye volyumu zenyewe, dm-2, dm-3, duka linaanza na kistari. Faili la kawaida! Kumbe saa moja kabla ya dd nilikuwa nimeizima volyumu kwa lvchange -an nikasahau, na lvs inakuonyesha hata iliyozimwa, tofauti ni kaherufi kamoja tu ka a. Nodi, yaani ile anwani ya volyumu, hakuna, dd haiulizi maswali, ikatengeneza faili kwa jina hilo, na /dev yenyewe inakaa kwenye RAM, inafutika seva ikizimwa. Mount nayo kwa upole wake ikaliwekea loop, ujanja wa kulifanya faili lionekane kama diski. Yani mama wa watu siku tatu anauza sukari kwenye RAM.

Seva ilipowaka upya volyumu nayo ilijiwasha yenyewe, basi dd tena, safari hii ikatambaa kama inavyostahili. Mauzo ya siku tatu je? Nikaenda dukani, shikamoo mama, nikajieleza. Akacheka, akavuta kauntabuku chini ya droo, kila kitu kimeandikwa kwa kalamu, eti kompyuta hajawahi kuiamini. Jumapili nzima yeye anasoma mimi nachapa, ananiletea na soda. Tunafika mstari wa mwisho nafunga laptopu, akaniambia, "Bado mwanangu, andika na soda mbili, deni."