Vyama Viwili vya Ziwa Naivasha Viungane, Lakini Malewa Iwe na Kura

Ziwa Naivasha, nchini Kenya, halijawahi kukosa walinzi. Kwa karibu karne moja limekuwa na chama cha wenye ardhi ya ukingoni, kinachojulikana kwa kifupi kama LNRA, na tangu 2007 limekuwa pia na chama cha watumiaji wa maji, LANAWRUA, kilichozaliwa chini ya Sheria ya Maji ya 2002. Wanachama wao wengi ni walewale. Mwenye shamba la maua linalopakana na ziwa ana ardhi inayomfanya awe wa chama cha kwanza, na ana kibali cha kuchota maji kinachomfanya awe wa chama cha pili. Analipa ada mara mbili, anaalikwa kwenye mikutano miwili, na mwisho wa yote anazungumzia maji yaleyale. Naamini wakati umefika wa vyama hivi kuwa kimoja. Naliunga mkono jambo hili kwa sharti moja tu, ambalo likikosekana ni afadhali vibaki kama vilivyo: wakulima wa uwanda wa juu wa Kinangop na wa bonde lote la Mto Malewa, unaoliletea ziwa maji yake mengi, waingie katika chama kipya wakiwa wanachama kamili wenye kura.

Sharti hilo linatokana na historia. Ardhi ya kuzunguka Naivasha ilikuwa malisho ya Wamasai kabla hawajahamishwa kwa mkataba wa 1904, na walowezi waliochukua nafasi yao ndio walioanzisha chama cha wenye ardhi mwishoni mwa miaka ya 1920. Shida iliyowakutanisha ilikuwa ya mipaka. Ziwa hili hupanda na kushuka sana, na lilipokuwa likirudi nyuma liliacha wazi ardhi yenye rutuba ambayo haikujulikana ni ya nani. Makubaliano yaliyofikiwa na serikali ya kikoloni yaliwapa wenye mashamba ruhusa ya kuitumia ardhi hiyo hadi maji yalipofika, bila kujenga juu yake majengo ya kudumu. Kwa hiyo chama ambacho leo tunakihesabu miongoni mwa vyama vya uhifadhi kilianza kama chama cha kulinda haki za wenye hatimiliki, na uhifadhi ukaja baadaye.

Ulipokuja, ulikuja kwa nguvu, na ni haki kukipa chama hicho sifa yake. Mwaka 1995 Naivasha iliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na mwaka uliofuata kulikuwa tayari na mpango wa usimamizi wa ziwa uliotungwa na wenyeji kwa hiari yao, kabla ya sheria yoyote kuwalazimisha. Mwaka 1999 chama kilipewa tuzo ya Ramsar ya uhifadhi wa ardhioevu. Wakati huo maziwa machache barani yalikuwa na wenyeji waliojipangia hivyo mipaka ya kukata mafunjo, kuchota maji na kujenga kandokando.

Kisha mpango huo ukatangazwa katika gazeti rasmi la serikali mwaka 2004, na hapo ndipo ulipokwama. Wenyeji waliosema kwamba hawakushirikishwa, wakiwemo wafugaji waliohofia kufungiwa njia za kupeleka mifugo majini, walikwenda mahakamani, na utekelezaji ukasimamishwa. Nimelitafakari tukio hilo mara nyingi, kwa sababu mpango wenyewe haukuwa mbaya. Ulikuwa na hoja nzuri za kisayansi na ulilenga jambo lililo sahihi, lakini ulikuwa umeandikwa na upande mmoja wa uzio, na watu wa upande wa pili walipousoma waliona humo majina ya wenye mashamba na hawakuona yao. Muungano wowote utakaofanywa Naivasha bila kujibu malalamiko hayo utaishia mahali palepale, hata kama mawakili watauandika kwa ustadi mkubwa kiasi gani.

LANAWRUA kwa namna fulani ilikuwa jibu. Sheria iliwataka watumiaji wa maji wajipange kwa kufuata mito na mabonde, si kwa kufuata hatimiliki, na hivyo mvuvi, mfugaji, mwenye hoteli na kampuni ya maji walipata mahali pa kukaa pamoja na mkulima wa maua. Sheria ya Maji ya 2016 imeendeleza mfumo huo, na inaruhusu vyama vya namna hii kupewa baadhi ya kazi za usimamizi kwa mkataba. Chama cha wenye ardhi hakina nafasi hiyo kisheria. Kina kumbukumbu na uzoefu, kina watu wanaoijua kila ghuba ya ziwa, lakini hakina mamlaka yanayotokana na Sheria ya Maji. Mwenzake ana mamlaka hayo, lakini ni mchanga kwa umri. Ndiyo maana nasema chombo kitakachobaki kimesajiliwa baada ya muungano lazima kiwe kile cha watumiaji wa maji, na chama cha wenye ardhi ndicho kijivunje kwa kura ya mkutano wake mkuu na kuhamishia humo mali, nyaraka na kazi zake. Najua kwamba ombi hili ni zito kwa chama kikongwe.

Lakini jambo lililo kubwa kuliko hayo yote liko mbali na ukingo wa ziwa. Naivasha haina mto unaotoka juu ya ardhi. Maji yake hupenya chini kwa chini, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazolifanya libaki la maji baridi wakati majirani zake, Elmenteita na Nakuru, ni ya magadi. Yanayoingia huja kwa mito ya Gilgil, Karati na hasa Malewa, ambao peke yake huleta zaidi ya robo tatu ya maji yote ya mito. Malewa na kijito chake cha Turasha huanzia kwenye miteremko ya Nyandarua na uwanda wa Kinangop, katika kaunti nyingine kabisa, ambako walowezi walipoondoka miaka ya 1960 ardhi iligawiwa wakulima wadogo wa viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa. Bonde zima lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 3,400. Ziwa lenyewe ni sehemu ndogo sana ya eneo hilo, na bado karibu kila taasisi inayobeba jina la Naivasha ina ofisi yake na wanachama wake wenye sauti pembeni mwa ziwa.

Mvua ikinyesha kwenye shamba la viazi lililolimwa kuelekea bondeni bila matuta, udongo hushuka Malewa na kuingia ziwani pamoja na mbolea iliyomo, na kule chini magugumaji, ambayo yamelisumbua ziwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hustawi kwa rutuba hiyo. Hakuna kiasi cha doria ukingoni kitakachouzuia udongo huo. Anayeweza kuuzuia ni mkulima mwenye ekari mbili au tatu huko juu, na yeye hana sababu ya kufanya hivyo isipokuwa awe na faida yake mwenyewe.

Hili limeshajaribiwa, na ninalitaja kwa heshima kwa sababu ni miongoni mwa mambo bora yaliyofanyika katika bonde hili. Mashirika ya WWF na CARE yalisaidia kuanzisha mpango ambamo watumiaji wa maji wa chini, kupitia LANAWRUA, walichangia fedha, na wakulima wa maeneo ya Wanjohi na Turasha ya juu wakapewa vocha za kununulia pembejeo kwa kupanda nyasi za kukinga udongo, kupanda miti na kuacha kulima hadi kwenye kingo za mto. Nyasi hizo hizo zikawa chakula cha ng'ombe, na kwa wakulima wengi maziwa yaliyoongezeka yalikuwa na maana zaidi kuliko vocha yenyewe. Mpango ulithibitisha kwamba watu wa juu na wa chini wanaweza kuaminiana wakiwa na makubaliano yaliyoandikwa.

Hata hivyo, ulibakiza uhusiano wa mnunuzi na muuzaji. Mnunuzi ndiye huamua bei, na ndiye anayeweza kusema mwaka huu biashara ni mbaya, hatununui. Mkulima wa Wanjohi hakuwa na kiti mahali ambapo uamuzi huo ulifanywa. Angekuwa mwanachama wa chama kimoja na mwenye shamba la maua, angeweza kuuliza mapato ya ada yamekwenda wapi, na angeweza pia kuulizwa kwa nini amelima kingo za mto. Maswali ya namna hiyo huulizwa ndani ya nyumba moja. Baina ya mnunuzi na muuzaji huishia kwenye kuvunja mkataba.

Gharama ya mgawanyiko huonekana kila linapotokea jambo zito. Mwaka 2009 ziwa lilishuka vibaya kwa ukame, na mwanzoni mwa 2010 samaki wengi wakafa. Wavuvi walinyoshea kidole mashamba ya maua, wataalamu wakataja upungufu wa oksijeni baada ya mvua za ghafla, na hapakuwa na chombo kimoja ambacho pande zote zingekubali vipimo vyake. Muongo uliofuata mambo yaligeuka: maji yakapanda mfululizo, mwaka 2020 yakaingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto mjini Naivasha, na 2025 yakawarudia tena. Swali la mpaka wa ziwa, lile lililowakutanisha walowezi miaka ya 1920, sasa ni swali la mpangaji wa chumba kimoja. Serikali iliwahi kujaribu kuziratibu pande hizi kwa kuunda bodi ya Imarisha Naivasha mwaka 2011, na kuratibu ni jambo jema, lakini bodi inayoteuliwa haiwezi kuchukua nafasi ya wanachama wanaochagua viongozi wao.

Wapo wanaosema fahali wawili hawakai zizi moja, na kwamba muungano utazaa ugomvi wa viti. Hofu hiyo siipuuzi, ila ninayoiona kuwa kubwa zaidi ni ya namna nyingine. Ninahofia chama kipya ambamo mashamba makubwa, kwa kuwa yanachota maji mengi na kulipa ada kubwa, yatakuwa na kura nyingi pia, na wavuvi, wafugaji na wakulima wa juu watakuwa wapambe wa kupigwa picha siku ya mkutano mkuu. Dawa yake ni kutenganisha fedha na kura katika katiba. Ada ifuate kiasi cha maji kinachochotwa, na kura zigawanywe kwa makundi, kila kundi likichagua wajumbe wake lenyewe, huku wajumbe wa bonde la juu wasipungue theluthi moja ya kamati. Mji wa Nakuru nao, ambao huletewa maji ya Turasha ingawa uko nje ya bonde, uingizwe kwenye hesabu ya ada kupitia kampuni yake ya maji, kwa maana mtumiaji asiyeonekana ziwani bado ni mtumiaji.

Ningependa pia katiba iseme wazi kwamba sehemu maalumu ya mapato, iliyotajwa kwa asilimia, itatumika juu ya Malewa kila mwaka bila kusubiri wafadhili, na kwamba mikutano mikuu itafanyika kwa zamu, mwaka mmoja Naivasha na mwaka mwingine Kinangop. Wenye mashamba ya maua watalalamika kuhusu barabara za Nyandarua wakati wa masika. Wakulima wa huko wamekuwa wakizipita barabara hizo hizo kwenda mikutano ya Naivasha kwa miaka yote hii, na ni wajibu wa wenzao nao kuzipita.