Na Kusini je?

Asante mwandishi kwa makala ya historia ya magazeti ya pwani. Umeanza na Kiongozi la Tanga (1904), ukaja Mambo Leo la Dar es Salaam (1923), lakini Kusini hukugusa kabisa. Jamani, sisi Lindi tulilithamini gazeti! Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, masika Rufiji ikifurika magari yanakwama kule kivuko cha Ndundu, gazeti la Jumatatu linatufikia wiki ya pili. Babu alilisoma kwa sauti barazani, mpaka matangazo ya vifo, wazee wenzake wametulia tuli mkekani. Kisha linakwenda kufungia karanga, ndiyo maana nakala hazionekani. Mwenye za zamani sandukuni, nakuomba usizichome.